Barua kwa mwanangu anayetaka kurudi Lamu

Mwanangu,

Umeniuliza kama utaweza kuishi Lamu ukimaliza masomo, hivyo ulivyo, mwanamume anayependa wanaume. Waweza, ila uujue mji.

Sheria ipo. Kifungu 162 cha Kanuni za Adhabu za Kenya, kwa tendo la hiari kati ya wanaume, kinafika miaka 14 jela, cha 165 miaka 5, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini vinaadhibu tendo, na tendo lataka ushahidi. Hapa kwetu mtu huvunjwa na mdomo kabla ya hakimu. Mgeni akipanda ngazi zako usiku, asubuhi mitaa yote miwili, Langoni na Mkomani, kumeshajulikana. Wanaume wanaocheza upande wa wanawake wamekuwapo harusini tangu zamani. Huitwa, hutunzwa, na kesho yake hunong'onwa. Kinachoadhibiwa ni kujulikana. Kwangu hiyo ni dhuluma, hata ikiitwa sitara.

Cha kuogopa zaidi ni mtego wa simu. Mtu hujifanya mwenzako kwenye programu ya kutafuta wapenzi, hukuharakisha mhamie WhatsApp, huomba picha, kisha hukuita chumbani. Ukishaingia, wawili hubisha hodi wakijiita askari, hukuvua nguo, hukupiga picha, hutaka M-Pesa. Ukilipa mara moja wamejua una pesa na una hofu, na watarudi. Kwa hivyo kwanza mwone kwa simu ya video, kisha mkutane mchana penye watu, na mwambie rafiki mmoja uko wapi. Uso na mwili visikae katika picha moja. Wala usipige picha na mlango wa nakshi nyuma yako: Lamu mlango hutambulikana upesi kama uso.

Wakikunasa, usifute chochote. Hifadhi ujumbe, namba na msimbo wa muamala wa M-Pesa. Kutoza pesa kwa vitisho ni kosa, na kusambaza picha za faragha kumekatazwa na sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018. Lakini usiende kituoni bila wakili, maana mlalamishi aweza kugeuzwa mshtakiwa.

Ukikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba yakupa haki ya kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Zikiisha mahakama imefungwa, husubiriwa siku ya kazi inayofuata, kwa hivyo ukishikwa Ijumaa jioni waweza kulala ndani hadi Jumatatu. Simu usiwafungulie. Wakitaka daktari akuchunguze sehemu za nyuma, kataa na usitie saini yoyote ya kuridhia. Mahakama ya Rufani ya Mombasa ilisema tarehe 22 Machi 2018 kwamba kumlazimisha mtu uchunguzi huo ni kinyume cha Katiba.

Ukihofia umeambukizwa Virusi vya Ukimwi, dawa za kinga huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora, na humezwa siku 28 bila kuruka. Vijana wengi huona haya kuonekana hospitali ya mjini, wakangoja safari ya Mombasa, saa zikawaishia. Nenda hapa hapa, usiku huo huo.

Limebaki la ndoa. Ami zako watakutajia msichana. Usimuoe mtoto wa watu ili baraza linyamaze, maana atakayeumia ni yeye. Waelekeze kwangu; jawabu ninalo, nami nitawapa mbele ya kila mtu.

Mamako