Chuma Kikilala Upande Mmoja

"Kocha, wiki iliyopita nilikuwa nasukuma vizuri tu, leo mkono wa kulia umekataa." Maneno haya tunayasikia mara nyingi, na karibu kila mara yanafuatwa na mengine: "Nadhani niuongezee seti mbili za peke yake, ufikie mwenzake." Jibu letu huwa ni hapana. Usiuongezee hata seti moja mpaka ijulikane umekataa kwa nini.

Tofauti ndogo kati ya pande mbili kila mtu anayo. Mkono usioandikia hukwama mara moja au mbili kabla ya ule mwingine, na hilo halimnyimi mtu usingizi. Uchovu nao, au homa, hushusha pande zote mbili kwa pamoja. Kinachotufanya tusimamishe zoezi ni mkono ulioinua dambeli ya kilo 24 mara nane juzi, leo unatetemeka na kilo 14 kwenye mara ya tatu, huku mwenzake hana habari. Msuli wenye afya haupotezi nguvu kiasi hicho ndani ya siku chache. Mara nyingi ama kano, yaani ugwe unaoshika msuli kwenye mfupa, imechanika, ama amri inayotoka kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu (neva) haifiki sawasawa.

Tuanze na lile lisilosubiri. Udhaifu ukija ghafla, ndani ya sekunde au dakika, na ukagusa mkono na mguu wa upande mmoja, au uso ukapinda, au ulimi ukawa mzito, fikiria kiharusi kabla ya kufikiria msuli. Mwambie mtu atabasamu, anyooshe mikono yote miwili mbele akiwa amefumba macho, kisha aseme sentensi moja kamili. Mdomo ukivutwa upande mmoja, mkono ukishuka wenyewe au maneno yakikorogeka, piga simu ya dharura na utazame saa. Saa ni muhimu kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Usimpe maji wala aspirini: huenda kumeza kumemshinda, na huenda ubongo unavuja damu. Dalili zikipita baada ya dakika kumi akasema yuko sawa, bado anakwenda hospitali. Tena asikudanganye umri. Mshipa wa damu wa shingoni unaweza kuchanika ukuta wake wa ndani hata kwa kijana mwenye mwili wa chuma, ukaleta maumivu mapya ya shingo au kichwa na kiharusi nyuma yake.

Hilo likiondolewa, tunayemshuku zaidi ni shingo. Mteja mmoja alikuja akilalamikia traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono unaonyoosha kiwiko. Akisimama kwenye mashine ya kebo, mkono wa kushoto uliishusha kamba mpaka pajani. Wa kulia ulifika nusu ukarudi juu kama mlango wenye springi. Kiwiko hakikumuuma hata kidogo. Nilipomuuliza kuhusu vidole alikuna kichwa, akasema cha kati kimekufa ganzi siku kadhaa, akadhani ni kwa kulalia mkono. Nikamwomba tu aangalie juu kidogo, ageuze uso kulia. Akaruka: umeme ulitoka begani hadi kwenye kidole kilekile. Nikamwambia arudishe kichwa na tukaacha hapo. Traisepsi dhaifu na kidole cha kati chenye ganzi huelekeza kwenye mzizi wa saba wa neva za shingo, unaobanwa mara nyingi na diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili za shingo, iliyojitokeza. Kazi ya kuthibitisha ni ya daktari, yetu ilikuwa kumpeleka haraka. Sasa fikiria angeongezewa seti mbili za kusukuma uzito juu ya kichwa. Kosa hilo nimewahi kulifanya mwanzoni mwa kazi hii, nalijua ladha yake.

Kano iliyochanika hujitangaza yenyewe. Husikika "pa!", msuli unakunjamana mahali si pake, na kesho yake pamevilia damu. Mara nyingi ni kifua wakati wa kushusha chuma kwenye benchi, au baisepsi, msuli wa mbele ya mkono, karibu na kiwiko kwa wanaonyanyua kutoka sakafuni huku kiganja kimoja kikitazama mbele. Usingoje uvimbe uishe ndipo uende. Ikihitajika kushonwa, wiki za mwanzo ndizo nzuri. Baadaye kano hujivuta ikasinyaa.

Kuna ugonjwa mwingine unaowachanganya watu kuliko yote. Bega linauma usiku hadi mtu anakaa kitandani akilishika, kwa siku au hata wiki kadhaa. Maumivu yanapoa, anashukuru, anarudi kwenye chuma, na hapo ndipo anagundua mkono hauendi juu. Mwaka 1948 madaktari Parsonage na Turner waliueleza kwa kina, na mpaka leo unaitwa kwa majina yao. Neva za bega huvimba, wakati mwingine baada ya maambukizi au upasuaji, na kurudi kwa nguvu ni suala la miezi, hata miaka. Mtu wa namna hii ukimwita mvivu unamdhulumu.

Kwa miguu kipimo chetu ni rahisi: simama kwa mguu mmoja, panda kwenye vidole, hesabu. Ukifika 20 kushoto na 4 kulia, kuna la kuuliza. Kisha tembea kwa visigino. Unyayo ukipiga sakafu "pwa", vivyo hivyo. Lakini ganzi ya sehemu za siri na makalio, au mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, ni ya hospitali usiku huohuo.

Kwa anayetujia na tatizo hili, kikao cha kwanza hakina mzigo mzito. Tunapima kila upande peke yake, tunaandika kilo na idadi ya marudio, kisha tunampa karatasi hiyo ampelekee daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. "Mkono umelegea" humwambia daktari machache. "Kilo 24 zimekuwa 14 ndani ya siku sita, bila maumivu" humwambia mengi. Akiruhusiwa kuendelea, upande usio na tatizo tunaufundisha kama kawaida, maana kuufanyisha kazi husaidia ule mwingine usipoteze nguvu zote. Baadaye dambeli huchukua nafasi ya chuma kirefu, upande dhaifu unaanza, na ule imara hauruhusiwi kuzidisha hata mara moja. Ni kazi ya kuchosha subira: neva iliyokatika ndani hukua takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka begani hadi kwenye vidole ni mbali.

Ukija, leta daftari lako la mazoezi. Kama una video ya seti uliyokwama, iwe imepigwa kutoka nyuma na shati likiwa limevuliwa, kwa sababu bega linalotokeza kama bawa halionekani kutoka mbele.