Trusova hakuporwa dhahabu Beijing

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe jambo linalorudiwa kila jina la Alexandra Trusova, mtelezaji wa barafuni wa Urusi, linapotajwa: kwamba msichana huyo wa Ryazan aliporwa dhahabu ya Olimpiki ya Beijing, Februari 2022, kwa sababu "aliruka mara nne" mara tano, na bado akawekwa nyuma ya Anna Shcherbakova aliyefanya hivyo mara mbili tu.

Kwanza maneno yenyewe. Hakuna anayeruka mara nne. Mtelezaji huruka mara moja, na katika mruko huo mmoja mwili huzunguka mara nne hewani kwa muda usiofika sekunde moja, kisha anatua kwa mguu mmoja akienda kinyumenyume. Kinachotofautisha miruko ni namna ya kuondoka. Katika Lutsi anaondoka akiwa kwenye ukingo wa nje wa chuma cha kiatu cha mguu wa kushoto, huku meno ya mbele ya chuma cha mguu wa kulia yakichoma barafu. Flipi ni hivyohivyo, ila kwa ukingo wa ndani. Salko haitumii meno kabisa. Akseli ndiyo pekee ambayo mtu huondoka akitazama mbele, kwa hiyo Akseli ya mizunguko mitatu kwa kweli ni mitatu na nusu. Hiyo nusu ndiyo iliyomtesa Trusova.

Sasa hesabu. Shindano lina sehemu mbili, programu fupi kisha programu ndefu, na alama zake hujumlishwa. Katika programu ndefu ya Beijing Trusova alitua miruko mitano ya mizunguko minne: Flipi (thamani ya msingi pointi 11.00), Salko (9.70), toluupu, mruko mwingine wa kutumia meno (9.50), na Lutsi mbili (11.50 kila moja). Jumla ya msingi ni 53.20. Flipi mbili za Shcherbakova zilikuwa na msingi wa 22.00. Hakuna mwanamke aliyewahi kutua mitano kabla ya Trusova, na waamuzi walimlipa: alama zake za ufundi zilikuwa 106.16, za Shcherbakova 100.49. Kwenye uwasilishaji Shcherbakova alipata 75.26, Trusova 70.97. Ukijumlisha, Trusova alishinda programu ndefu kwa 177.13 dhidi ya 175.75. Nani basi alimpora?

Atakayeuliza kwa nini tofauti ya ufundi haikuwa kubwa kama tofauti ya miruko, ajue kwamba kila mruko hupewa pia alama za ubora, kuanzia -5 hadi +5, na kila hatua moja ni asilimia 10 ya thamani ya msingi. Mruko mgumu uliotua kwa kuyumba hupoteza, na mruko wa mizunguko mitatu uliotua kwa utulivu hupata nyongeza. Shcherbakova alijaza programu yake kwa utulivu huo. Huo si upendeleo. Ni kanuni ambazo kila kocha anazijua tangu msimu wa 2018/19.

Dhahabu ilipotea siku mbili kabla, katika programu fupi: Shcherbakova 80.20, Trusova 74.60. Ondoa 1.38 alizorudisha kwenye programu ndefu, utabaki na 4.22, ambayo ndiyo tofauti yote kati ya 255.95 na 251.73.

Na hapa ndipo ningependa waandishi wa michezo wakazie macho. Kanuni za ISU, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, hazikuwaruhusu wanawake kufanya mruko wa mizunguko minne katika programu fupi, ilhali wanaume waliruhusiwa. Mwanamke alikuwa na miruko mitatu tu: Akseli ya mizunguko miwili au mitatu, mruko mmoja wa mizunguko mitatu, na muungano wa miruko miwili. Silaha zote za Trusova ziliachwa mlangoni. Njia pekee ya kupanda juu ya wenzake ilikuwa Akseli ya mizunguko mitatu, yenye thamani ya 8.00, mruko ambao haukuwahi kuwa imara kwake. Akaujaribu, akaanguka. Hata mizunguko ikihesabiwa kuwa imetimia, kuanguka hukata nusu ya thamani na pointi moja ya adhabu juu yake: zinabaki 3.00.

Wapo wanaosema angefanya Akseli ya mizunguko miwili akalala salama. Hapana. Hiyo ina msingi wa 3.30, na hata ikipewa ubora wa juu kabisa haifiki 5.00. Angepata kama pointi mbili zaidi, asifikie 4.22. Kuijaribu ile ngumu ulikuwa uamuzi sahihi wenye matokeo mabaya, na anayemlaumu hajashika kalamu kuhesabu.

Tena Beijing haikuwa ajali ya siku moja. Machi 2021 huko Stockholm, kwenye ubingwa wa dunia, alikuwa wa 12 baada ya programu fupi kwa 64.82, wakati Shcherbakova alikuwa na 81.00. Programu ndefu akaishinda, 152.38 dhidi ya 152.17, akaishia na shaba. Fainali ya Grand Prix ya Torino, Desemba 2019: shaba. Ubingwa wa Ulaya wa Graz mwanzoni mwa 2020: shaba tena. Mashindano hayo mawili ya mwisho yalichukuliwa na Alena Kostornaia, ambaye hakuwa na hata mruko mmoja wa mizunguko minne, ila alikuwa na Akseli ya mizunguko mitatu aliyoweza kuiweka kwenye programu fupi na ndefu. Mambo ndiyo hayo. Mtu aliyekuwa msichana wa kwanza kutua toluupu ya mizunguko minne, akiwa na miaka 13 kwenye ubingwa wa dunia wa vijana huko Sofia 2018, aliadhibiwa na dakika mbili na sekunde arubaini za programu fupi, mwaka baada ya mwaka.

Ukiniuliza, kanuni hiyo ndiyo ya kupigiwa kelele, wala si waamuzi. Kama sababu ni kulinda miili ya wasichana, haieleweki inavyolinda, maana mguu unaokatazwa siku ya kwanza unaruhusiwa kutua mara tano siku ya pili.

Kulinda kwenyewe kulikuja kwa njia nyingine. Juni 2022 ISU ilipandisha umri wa kuingia mashindano ya wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, kwa awamu mbili. Trusova alizaliwa Juni 23, 2004; alitimiza 17 wiki moja kabla ya Julai 1, 2021, tarehe ya kuhesabia umri wa msimu huo. Kwa kanuni ya leo Beijing angekwenda bado, lakini shaba za Torino, Graz na Stockholm zisingekuwepo, kwa kuwa angekuwa bado anateleza na vijana.

Msomaji wako,
Dar es Salaam