Cécile na Nuru: tuweke koma au kistari?

Ndugu Mhariri,

Mtoto wetu wa kike anatarajiwa mwezi ujao hapa Lyon, na jina limetushinda. Bibi mzaa baba, Mfaransa, anaitwa Cécile na angependa mjukuu amrithi. Bibi mzaa mama, aliyeko Tanga, aliuliza swali moja tu: "Maana yake nini?" Jibu ndilo lililozua balaa.

Cécile limetoka kwa Caecilia, jina la wanawake wa ukoo wa Kirumi wa Caecilii, nalo huhusishwa na neno la Kilatini caecus, yaani kipofu. Mfaransa hausikii upofu huo. Yeye humkumbuka mtakatifu wa wanamuziki, sikukuu yake 22 Novemba, huyo huyo Mtakatifu Sesilia ambaye kwaya za Kikatoliki huko nyumbani hujiita kwa jina lake. Claude nalo ni hivyo hivyo: asili yake claudus, kiwete, na hakuna anayejali. Si kama Dieudonné na Espérance, waliyoyazoea wenzetu wa Kongo na Burundi. Hayo ukiyataja tu maana inasikika, aliyetolewa na Mungu, na tumaini. Lakini kwa bibi wa Tanga jina ni dua. Anataka Nuru.

Sheria haina ugomvi na Nuru. Ile ya 1803, iliyowabana wazazi wachague kwenye kalenda au kwa watu wa historia ya kale, ilikoma kwa sheria ya 8 Januari 1993. Sasa karani huandika jina analopewa, na akiona litamdhuru mtoto ndipo humwarifu mwendesha mashtaka.

Ugomvi ni wetu, na uko kwenye alama ndogo. Baba mtoto anataka kistari: Cécile-Nuru. Hilo huhesabiwa jina moja. Tiketi ya ndege ikikatwa kwa Nuru peke yake, hailingani na pasipoti. Na kwa Kilatini tulichokwisha kumfundisha bibi, hapo mtoto anaitwa Kipofu-Nuru! Mama mtoto anataka koma: Cécile, Nuru. Hayo ni majina mawili, na kifungu cha 57 cha sheria za kiraia za Ufaransa kinaruhusu lolote kati ya yaliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa liwe ndilo la kuitwa. Tatizo ni fomu zenye nafasi ya jina la kwanza tu: humo atakuwa Cécile. Tukigeuza, Nuru, Cécile, bibi wa Lyon atanuna.

Tumefikiria pia Lucie, kutoka lux, nuru yenyewe, na mtakatifu wake huombwa na wenye maradhi ya macho. Maana imetimia, ila halimrithi bibi yeyote. Tena "u" yake inataka midomo ya kupiga mluzi huku ulimi ukitamka "i". Tanga ataitwa Lusi tu.

Muda hautusubiri. Kizazi huandikishwa ndani ya siku 5, bila kuhesabu siku ya kuzaliwa, kwenye manispaa ya mahali alipozaliwa mtoto. Zikipita, ni mpaka hukumu ya mahakama.

Mliotumia koma, shule na benki zimewasumbua? Kistari je? Na kama kuna aliyewahi kumweleza mzee wa pwani jina la namna hii akaridhika, alimwambia nini?

Wazazi watarajiwa,
Lyon