Muziki wa kompyuta nao una moyo: msikilizeni Robyn

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa ukurasa wa burudani ameandika kwamba pop ya Ulaya inayotengenezwa kwa kompyuta haina moyo, ni kelele za kuchezea tu. Naomba nafasi nimjibu, na jibu langu lina jina moja: Robyn, mwimbaji wa Stockholm, Sweden.

Mimi ni fundi mitambo hapa Tanga. Nafunga spika kwenye maharusi na mahafali, kwa hiyo wimbo nausikia kwanza kwa sikio la kazi: besi imekaa wapi, sauti ya mwimbaji imepewa nafasi au imezikwa. Wimbo wake wa "Dancing On My Own", wa mwaka 2010, aliutengeneza na mtayarishaji Patrik Berger. Besi ya kinanda cha umeme inaingia kavu, inagonga kwa mapigo yaleyale, haibembelezi mtu. Juu yake kuna sauti nyembamba ya mwanamke aliyesimama pembeni ya ukumbi, anamwona aliyempenda akimbusu mwingine, na yeye anaendelea kucheza peke yake. Halii wala hapigi ukelele. Ile mashine haimhurumii, inasonga mbele tu kama vile ukumbi wa starehe unavyosonga mbele hata wewe ukiwa umeumia. Ungempa gitaa la taratibu na kwaya nyuma yake, maumivu yale yangepungua nusu. Wapo waliourudia taratibu kwa piano, na wakapata mashabiki wengi. Mimi nabaki na wa kwanza.

Kabla wageni hawajaingia ukumbini, spika nazipimia wimbo wake mwingine, "With Every Heartbeat", alioufanya na mtayarishaji mwenzake wa Sweden, Kleerup, na ukashika namba moja Uingereza Agosti 2007. Hauna kiitikio kama tulivyozoea. Unapanda polepole, halafu katikati midundo yote inaondolewa, zinabaki fidla peke yake. Sauti yake inarudi ikiwa haina pa kujificha, kisha ngoma zinaingia tena. Siku moja mama wa mapambo alikuwa anafunga vitambaa kwenye viti, Kiingereza hajui hata kidogo. Zilipofika zile fidla akaacha kitambaa mkononi akaniuliza, "Mwanangu, huyu dada kafiwa?" Nikamwambia hapana mama, kaachwa. Akasema, "Basi ndiyo hivyohivyo," akaendelea kufunga. Sasa mwandishi wenu aniambie, huyo mama alisikia nini kama si moyo?

Na upo wimbo wake ambao sisi tuliokulia kwenye taarab ya mipasho tunauelewa upesi kuliko wengi. Ni "Call Your Girlfriend". Anayeimba ndiye mwanamke mpya, ndiye aliyeshinda. Kwa mipasho yetu hapo ndipo mwenzio anaposimangwa mpaka azimie. Robyn anafanya kinyume: anamwelekeza mwanamume namna ya kumwambia yule wa zamani, amwambie taratibu, asimwache akidhani kosa ni lake. Huruma ya mshindi kwa aliyeshindwa, tena kwenye wimbo wa dansi! Video yake ilipigwa mfululizo bila kukatwa, yupo peke yake kwenye jengo kubwa tupu, anacheza kama mtu ambaye hakuna anayemtazama. Kila nikiiona nashangaa pumzi anaitoa wapi.

Heshima yangu kwake haiishii kwenye sikio. Alizaliwa mwaka 1979, wazazi wake watu wa maigizo ya jukwaani, na akaingia mkataba wa kurekodi muziki akiwa bado binti mdogo. Mwaka 1997 alikuwa tayari ameingia kumi bora za Marekani, kwa nyimbo alizotengenezewa nyumbani kwao Stockholm na watayarishaji Denniz Pop na Max Martin, na huyo Max Martin ndiye aliyekuja kutawala pop ya dunia nzima. Mwingine angeshika njia hiyo hiyo mpaka uzee. Albamu yake ya pili, ya mwaka 1999, ilikuwa na nyimbo zilizogusa utoaji mimba. Wakubwa wa kampuni ya muziki kule Marekani wakataka mabadiliko, akakataa, na albamu haikutoka kule. Baadaye akajitoa kwenye mkataba na kuanzisha lebo yake, yaani kampuni yake mwenyewe ya kutoa muziki, Konichiwa Records. Mwaka 2005 akatoa albamu akaipa jina lake mwenyewe, na hapo ndipo Robyn ninayemsema alipozaliwa. Vijana wetu wanaosaini karatasi wasizozisoma wangefaidika sana kuisoma habari hiyo kwenye gazeti lenu, maana ukurasa wa burudani unasomwa kuliko tahariri.

Mwaka 2010 alitoa albamu ya Body Talk vipande vipande, sehemu tatu ndani ya mwaka mmoja, badala ya kungoja kila kitu kikamilike. Baada ya hapo, albamu yake mwenyewe haikuonekana mpaka Honey ya 2018. Katikati hapo alifiwa na Christian Falk, mtayarishaji na rafiki yake wa miaka mingi, aliyefariki mwaka 2014. Sikilizeni "Missing U" inayofungua Honey: vinanda vinameta juu, na chini yake mtu anahesabu pengo lililoachwa. Hakuharakisha kurudi sokoni na msiba begani. Alikaa mpaka alipokuwa na la kusema.

Machi 2019 alifanya onesho kwenye ukumbi mkubwa wa Madison Square Garden, New York. Lilipokwisha, mashabiki walishuka kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi, na pale wakingoja treni wakaanza kuimba "Dancing On My Own" wote kwa pamoja, watu wasiojuana, hakuna spika wala kipaza sauti. Video za tukio hilo zilizunguka dunia. Muziki usio na moyo haumfuati mtu mpaka kituoni.

Singeli yetu nayo inapikwa kwenye kompyuta, vyumbani kwa watu Manzese na Tandale, na mwandishi wenu huyo huyo ameisifu, tena vizuri sana. Naomba sikio lile lile alipeleke Sweden.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba habari za wasanii wa nje zisiwe za nani kaachana na nani na nani kanunua gari gani. Tuandikieni wimbo ulitengenezwa na nani, studio gani, kwa vyombo gani, mkataba ulikuwaje. Wasomaji wa kuyapenda hayo tupo, sema hatuandiki barua.

Na mwandishi wenu akipita Tanga, aje Makorora jioni yoyote nisiyokuwa na harusi. Nitamfungia spika kubwa, si zile za simu, nimpigie Body Talk yote mwanzo mpaka mwisho, halafu aandike alichosikia.

Msomaji wenu,
Fundi mitambo,
Makorora, Tanga