Mtakopesha kwa Kiswahili: barua kwa wanangu mnaosomea fedha

Wanangu wa shahada ya kwanza ya fedha, mlioko vyuoni Mlimani, Mzumbe, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Dodoma na kwingineko,

Salaam. Mimi ni mstaafu. Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka 27, mingi kati ya hiyo nikiwa kusini, Mtwara na Masasi. Sasa niko Tanga, na wajukuu na minazi michache. Sikuwa na nia ya kuwaandikia. Aliyenichokoza ni mjukuu wangu, yuko mwaka wa pili, somo lenu hilohilo, alikuja kwangu likizo.

Jioni moja tumekaa barazani, akaja mama lishe wa jirani na karatasi iliyokunjwa mara nne, ina doa la mafuta kubwa kama sahani ya chai. "Mwanangu, wewe si ndiyo unasomea haya? Hebu niangalizie, mbona nalipa na hauniishii?" Mjukuu akaisoma. Mkopo 600,000. Riba asilimia 5 kwa mwezi. Miezi 6. Rejesho 130,000 kila mwezi. Akasema, "Mama, iko sawa. Laki moja ni mkopo, elfu 30 ni riba." Mama wa watu akashukuru, akaikunja karatasi yake, akaondoka.

Mtoto huyu amepata A kwenye hesabu za fedha. Muhula uleule.

Nikamwambia kamwite arudi. Alipofika nikachukua kalamu. Mwezi wa kwanza mama anashika laki sita, analipa riba elfu 30, hiyo kweli ni asilimia 5. Lakini sasa amesharudisha laki moja. Mwezi wa pili anashika laki tano, na bado riba ni elfu 30. Nenda hivyo hivyo mpaka mwezi wa sita. Mkononi amebakiwa na laki moja ya watu, na riba ni elfu 30 ileile. Laki moja kwa elfu 30, mwanangu, hiyo ni asilimia ngapi? Mjukuu akanyamaza. Kisha akachomoa simu, akaingiza namba zilezile kwenye kikokotoo, marejesho sita ya 130,000 kwa mkopo wa 600,000, na jibu likaja: riba ya kweli, ikipigwa kwenye salio, ni asilimia 8 kwa mwezi na ushee.

Mama lishe akaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi. Siku ya kuchukua walimkata elfu 20 ya fomu, akapewa 580,000. Mjukuu akapiga tena. Ikapita asilimia 9. "Ndiyo maana tunaiita kausha damu," mama akasema, akacheka peke yake.

Nimelifikiria sana jambo lile. Akili mtoto anayo, na kanuni anazijua kuliko mimi. Ila amefundishwa kwa Kiingereza, amefanya mtihani kwa Kiingereza, mkopaji wake darasani ni "kampuni X". Swali lilelile lilipomjia kwa Kiswahili, likiwa na doa la mafuta, hakulitambua. Nanyi mjue kwamba mnasoma kwa Kiingereza lakini mtakopesha kwa Kiswahili. Mtu atakayekaa mbele ya meza yako atasema rejesho, dhamana, salio, gawio. Kama huwezi kumweleza shangazi yako thamani ya sasa ya shilingi ya mwakani bila kuazima neno hata moja la Kiingereza, basi hujaielewa bado, umeikariri.

Mkitaka pa kuanzia, anzeni na deni lenu wenyewe. Wengi wenu mmekopeshwa na Bodi ya Mikopo. Boom, hela ya kujikimu mnayopewa kwenye mkopo huo, likitoka mnajua hadi saa, lakini nimewauliza vijana kadhaa wa fedha wanadaiwa jumla shilingi ngapi, na hakuna aliyenijibu. Sheria iliporekebishwa mwaka 2016, makato kwa aliyeajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Zamani kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, nayo ikafutwa mwaka 2021. Kaeni na hilo kidogo. Bei zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, milioni moja utakayolipa baada ya miaka 10 leo ni sawa na kama 675,000. Nani anaibeba hiyo tofauti? Hapo mna somo zima la fedha, tena mnalo mfukoni. (Lipeni lakini. Hela hiyo ndiyo anayoisubiri mdogo wenu aliyeko kidato cha sita.)

Na wako wanaosomea uwezekano mchana, usiku wanaliwekea boom mkeka wa kubeti. Nao sina la kuwaambia ambalo mwalimu wao wa takwimu hajawaambia.

Hisa mnazipenda sana, naona. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998 lilikuwa na kampuni moja tu, TOL ya gesi, na sisi ofisini tukalicheka: soko gani lina muuzaji mmoja wa nyanya? Tuliocheka tumebaki na kicheko chetu. Ushauri wangu ni mdogo. Chagua kampuni moja iliyoorodheshwa, soma taarifa zake za mwaka za miaka mitatu mfululizo, na usianzie kwenye picha ya mwenyekiti wala kwenye faida. Anzia nyuma, kwenye maelezo ya hesabu yenye maandishi madogo. Kama ni benki, tafuta mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, uone imepanda au imeshuka, na waliopandisha faida wameipandisha kwa kukusanya madeni au kwa kutenga fedha kidogo ya kufidia mikopo isiyolipika. Mitihani ya bodi ya wahasibu, kama una nguvu, ifanye mapema kabla hujapata watoto.

Fildi, mafunzo yenu ya vitendo kazini. Msikubali kumaliza wiki nane mkitoa kopi. Mwombe afisa mikopo akuchukue anapokwenda kumkagua mteja. Nenda ukaone duka saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni, uhesabu wanaoingia, uangalie bidhaa zilizoshika vumbi. Mteja akikuonyesha daftari, tazama kama wino wa miezi yote ni mmoja. Hilo nililijua kwa kutapeliwa.

Lililobaki ni langu, na si la kujivunia. Miaka ya tisini, biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, alinijia mkulima mmoja anataka pikapu. Ana mikorosho mingi, ana nyumba, jina lake safi. Nikampitisha. Fomu yetu ilikuwa na ratiba ya aina moja tu, rejesho kila mwezi, nami nikaijaza hivyo bila kuinua kichwa. Yeye fedha anaiona mara moja kwa mwaka, kuanzia Oktoba hadi karibu na mwaka mpya. Katikati ya mwaka ndiyo kwanza anatoa, ananunua salfa ya kupulizia mikorosho, analipa vibarua wa palizi. Machi akalipa kwa kuuza mbuzi. Aprili akakopa kwa shemeji yake. Mei akaja ofisini akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa, akaniomba nimsogezee mpaka Novemba, alipe kwa mikupuo miwili. Nikamwambia mfumo hauruhusu. Ningeweza kuandika barua ya kurasa mbili makao makuu kumwombea. Sikuandika.

Gari tulilichukua Agosti, mikorosho yake ikiwa maua matupu.

Wakati huo nilikuwa najua kuchora mtiririko wa fedha, yaani hela inaingia lini na inatoka lini. Nilikuwa nimefundishwa, na nimefaulu. Wa kwake sikuuchora.

Mwaka 2011, nikikaribia kustaafu, nilikutana naye stendi ya Masasi. Yeye ndiye aliyenitambua. Aliniita bwana mkopo kama zamani, akaniulizia watoto, akaninunulia chai na maandazi mawili, akasisitiza kulipa yeye. Tuliongea bei ya korosho na stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa kuuza korosho kupitia maghala, hadi basi langu likapiga honi. Lile gari hakulitaja.

Wasalaam,
Mzee wenu, Tanga