Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kusitishwa kwa Utafiti wa Pamoja, Mahudhurio na Ada

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawasilisha taarifa ya shughuli za chama chetu cha wanamaabara kwa mwaka unaomalizika. Nawashukuru Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wa Kamati ya Utendaji kwa kushirikiana nami. Mtaniwia radhi nikipita haraka kwenye yale mliyokwisha kuyasoma katika mihtasari ya vikao.

Shughuli za kawaida zilifanyika. Mafunzo ya kusoma chati za Levey-Jennings na kutumia kanuni za Westgard, zinazotumika kufuatilia ubora wa vipimo, yalirudiwa kwa wanachama wapya. Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Machi 24, iliadhimishwa. Mhadhara kuhusu toleo la 2022 la ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, lililochukua nafasi ya lile la 2012, ulitolewa. Sampuli za ulinganisho wa nje, zinazopimwa na maabara nyingi ili majibu yao yalinganishwe, ziligawiwa kwa maabara zilizojiandikisha na majibu yakarudi, mengi yakiwa mazuri. Miongozo ya MIQE kuhusu kufanya na kuripoti vipimo vya PCR, ya 2009, na toleo lake jipya la 2025 ilisambazwa kwa wote. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri inafanya kazi tena, baada ya mimi mwenyewe kumfuatilia fundi hadi akaja. Hayo mnayajua.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kusitisha utafiti wa pamoja na kuiondoa ikisiri yetu katika kongamano la kisayansi. Maneno yamekuwa mengi. Wapo waliosema mwenyekiti anamwonea wivu mtafiti mkuu, na wapo waliosema nimekiaibisha chama mbele ya wenzetu. Hakuna aliyeniambia hayo ana kwa ana, ila yamenifikia, na mwanachama aliyechangia sampuli, muda na ada yake ana haki ya kupata maelezo kamili.

Utafiti ulitaka kujua kama kipimo cha PCR (njia ya kunakili vinasaba mara nyingi hadi viweze kuonekana) tulichokiandaa wenyewe, kinacholenga kipande kiitwacho IS6110 katika vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, kingeweza kuwagundua wagonjwa ambao hadubini inawakosa. Swali ni zuri na mtafiti mkuu ni mwenzetu hodari. Nilikuwa wa kwanza kuliunga mkono, na sehemu ya udhibiti wa ubora katika andiko la utafiti niliiandika mimi. Hadubini huhitaji takriban bakteria 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ili mpimaji awaone. Kipimo cha vinasaba cha Xpert MTB/RIF, kilichoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, kilishusha kiwango hicho hadi karibu 130, na toleo lake la Ultra, lililopendekezwa mwaka 2017, hadi karibu 16. Kuotesha bakteria hunasa wachache pia, lakini kwenye chakula kigumu cha kuoteshea majibu huweza kuchukua wiki sita hadi nane. IS6110 inavutia watafiti kwa sababu ndani ya bakteria mmoja kipande hicho huweza kujirudia mara 20 na zaidi, ingawa zipo aina chache zisizo nacho kabisa. Kwa hiyo kipimo kinachokilenga kinaona mbali. Kwa sababu hiyohiyo kinaona hata uchafu mdogo usioonekana kwa njia nyingine.

Ndicho kilichotokea. Katika sahani kadhaa mfululizo, vishimo vya kontroli hasi, vile vyenye maji na vitendanishi (kemikali za kipimo) bila sampuli yoyote, vilianza kutoa mwanga, ishara ya kuwapo kwa vinasaba, kwenye mzunguko wa unakili wa 37 na wa 38. Hapakuwa na mgonjwa ndani ya vishimo hivyo. Kwa hiyo hapakupaswa kuwa na kitu.

Hoja ya wenzetu waliotaka tuendelee ilikuwa moja, nami naieleza kwa haki. Walisema mwanga huo umechelewa mno, kwa hiyo tuweke mstari kwenye mzunguko wa 36, kila kinachowaka baada ya hapo tukihesabu ni hasi, na kazi isonge mbele. Kwa mtu mwenye haraka ya kongamano, hoja hiyo ina mvuto.

Sasa tuitazame kwa hesabu. PCR inapofanya kazi vizuri, kila mzunguko unazidisha vinasaba mara mbili. Mizunguko 30 inamaanisha nakala zaidi ya bilioni moja kutoka nakala moja. Tofauti ya mizunguko 3.3 hivi ni tofauti ya mara kumi, na tofauti ya mizunguko 10 ni ya mara elfu moja. Mgonjwa mwenye bakteria wengi huwaka mapema, naye hadubini inamwona bila msaada wetu. Mgonjwa mwenye bakteria wachache, mtoto asiyeweza kutoa makohozi ya kutosha, au mtu anayeishi na VVU ambaye makohozi yake mara nyingi hayana bakteria wa kuonekana, ndiye anayewaka kwenye mizunguko ya mwisho. Huyo ndiye tuliyemtafuta! Mstari wa 36 ungewafuta wagonjwa walewale waliotufanya tuanzishe utafiti, na tusingekuwa na njia ya kujua nani tumemfuta na nani ameingizwa na uchafu. Kusogeza mstari baada ya kuona matokeo ni jambo ambalo sitaliwekea saini nikiwa kwenye kiti hiki.

Wengine wakauliza kwa nini hatukusafisha meza tukaendelea wiki iliyofuata. Walioingia chumbani wanajua jibu. Mirija yenye bidhaa za PCR ilikuwa ikifunguliwa ili bidhaa hizo zipimwe kwenye jeli, na kazi hiyo ilifanyika katika chumba kilekile kinamoandaliwa mchanganyiko wa vitendanishi. Mrija mmoja ukifunguliwa, vitone visivyoonekana vyenye mamilioni ya nakala huruka hewani na kutua kwenye pipeti, glavu, mikono ya koti na mlango wa jokofu. Kwok na Higuchi waliandika kuhusu hatari hii mwaka 1989, na tangu hapo kanuni imekuwa ileile: kuandaa mchanganyiko mahali pamoja, kutoa vinasaba mahali pengine, kushughulikia bidhaa mahali pa tatu, na kutembea upande mmoja bila kurudi nyuma siku hiyo.

Lilitolewa pia pendekezo la kutumia kimeng'enya cha UNG. Ni pendekezo la kitaalamu na nimeagiza liingizwe katika mpango mpya. Lakini kimeng'enya hicho hukata vinasaba vyenye yurasili tu, yaani bidhaa zilizotengenezwa kwa kutumia dUTP, malighafi inayotia yurasili mahali pa thaimidini. Bidhaa zetu zote za awali zilitengenezwa kwa thaimidini ya kawaida. UNG ingetulinda na uchafu wa kesho, wala isingegusa uchafu uliokwisha kutanda chumbani. Ilibidi kutupa vitendanishi vilivyofunguliwa, kuosha kwa hipokloriti (dawa ya klorini), kuwasha taa ya miale ya urujuanimno, kubadilisha ncha za pipeti ziwe zenye kichujio, na kuanza upya na sampuli za akiba ambazo hazikuwahi kufunguliwa katika chumba hicho. Nilisimama humo chumbani mwenyewe wakati kazi hiyo inafanyika. Nalisema kwa sababu kuna waliodai mwenyekiti alitoa amri akiwa kitini.

Kama kuna anayeona nimekuza jambo, akumbuke virusi vya XMRV. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti uliowahusisha na ugonjwa wa uchovu sugu. Wagonjwa wakapata matumaini, wengine wakaanza kuulizia dawa. Maabara nyingine zikarudia kazi hiyo bila kuona kitu, uchafu wa maabara ukabainika, na mwaka 2011 jarida likaufuta utafiti. Mwanzoni mwa 2020, vifaa vya kwanza vya kupimia virusi vipya vya korona vilivyosambazwa na CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, vilionyesha mwanga katika kontroli hasi, na maabara nyingi za majimbo zikashindwa kuvitumia wakati vilipohitajika kuliko wakati wowote. Hao wana fedha na wataalamu kutuzidi mbali. Kilichowaokoa kwenye tukio la pili ni wapimaji walioitazama kontroli hasi na kukataa kutoa majibu.

Na majibu yana mtu nyuma yake. Tungechapisha kwamba kipimo chetu kinanasa wagonjwa wengi waliokoswa, maabara nyingine ingekichukua, na mtu asiye na kifua kikuu angemezeshwa dawa kwa miezi sita, zikiwamo isoniazidi na pirazinamidi zinazoweza kuumiza ini. Sikuweza kulala na jambo hilo.

Kuhusu lawama kwamba sikuitisha Mkutano Mkuu: niliitisha mkutano wa dharura, tangazo likatumwa kwa kila mwanachama, na akidi haikutimia. Baadhi ya waliolalamika zaidi hawakufika na hawakutoa udhuru. Katiba inaipa Kamati ya Utendaji mamlaka ya kuamua mambo ya dharura, nayo iliamua. Kumbukumbu zipo kwa Katibu, na yeyote anaweza kuzisoma.

Hilo linanileta kwenye mahudhurio, na hapa nasema kwa uchungu. Mhadhara wa ISO 15189 tuliuandaa kwa muda mrefu, mtoa mada akaja na mifano ya maabara halisi, na zaidi ya nusu ya viti vilikuwa vitupu. Toleo hilo linazitaka maabara zitambue na kudhibiti hatari kwa mgonjwa, na limeingiza ndani yake masharti ya vipimo vinavyofanyika kando ya kitanda. Mkaguzi akija, hatakubali udhuru kwamba mkuu wa maabara alikuwa na shughuli siku ya mhadhara. Vikao vya kujadili makala za utafiti, nilivyovianzisha mimi katika mwaka wangu wa kwanza, sasa vinahudhuriwa na watu walewale wachache, na wengi wao ni vijana walio mafunzoni. Wakongwe mko wapi? Vijana hawa wanahitaji kuwasikia mkieleza kwa nini sampuli iliyochukuliwa kwenye mrija wa heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) inaweza kuua PCR, au kwa nini makosa mengi ya maabara hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine.

Ada nayo imezorota. Waliolipa kwa ukamilifu hawafiki nusu ya wanachama, na wapo wenye malimbikizo ya zaidi ya mwaka mmoja wanaoendelea kupokea sampuli za ulinganisho bila kuchangia. Sampuli hizo hununuliwa. Vimeng'enya husafirishwa kwenye ubaridi na vina tarehe ya kuisha, havisubiri mtu apate nafasi ya kulipa. Mweka Hazina ameandika barua za kuwakumbusha, na nyingi hazikujibiwa. Kamati inapendekeza kuwa maabara ambayo mwakilishi wake hajalipa ifikapo mwisho wa robo ya kwanza isigawiwe sampuli za awamu inayofuata. Pendekezo hilo litaletwa kwenu mlipigie kura.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kupata chumba cha pili ili mchanganyiko uandaliwe mbali na bidhaa, kuurudia utafiti wa IS6110 mtafiti mkuu akiwa kiongozi wake kama awali, na pengine, hali ikiruhusu, kuanza mazungumzo kuhusu kusoma mpangilio wa vinasaba vya bakteria sugu kwa dawa. Mazungumzo ya awali na wahisani yanatia moyo. Mtafiti mkuu nami tumekutana, na amekubali mpango mpya wenye kontroli hasi katika kila sahani na mstari wa mzunguko uliowekwa kabla ya sampuli ya kwanza kupimwa.

Mapitio ya uamuzi wa kusitisha utafiti ni ajenda ya nne. Ripoti za sahani zote, zikiwamo zile zenye kontroli zilizowaka, zitakuwa mezani ukumbini kuanzia asubuhi ya siku ya mkutano. Naomba kila mjumbe azipitie kabla hatujafungua mjadala.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti