Maji ya Shela yahesabiwe kabla ya vibali kutolewa

Mhariri,

Kila mjadala wa utalii unapozuka Lamu, mazungumzo huishia kwenye mavazi ya wageni ufuoni, pombe na bei ya viwanja. Hayo yana wasemaji wake, na hawajapungukiwa na sauti. Sisi tuna neno moja tu. Nyumba ya wageni, hoteli au kidimbwi cha kuogelea kisipewe kibali Shela, kijiji chetu kisiwani Lamu, kabla maji yaliyo chini ya vilima vya mchanga hayajahesabiwa na hesabu hiyo kubandikwa mahali ambapo kila mtu ataisoma.

Vilima hivyo, au vilima vya mtanga kama tusemavyo hapa Amu (Lamu), vimelindwa kisheria kwa sababu moja kubwa: ndivyo vinavyonywesha Shela na mji wa Lamu. Kisiwa hakina mto. Mvua hunyesha juu ya mchanga, mchanga huinywa bila kuacha hata kijito, na maji hayo hushuka hadi yakutane na maji ya bahari ambayo yamepenya chini ya kisiwa kutoka kila upande. Hayachanganyiki mara moja. Maji matamu ni mepesi kidogo, kwa hiyo huelea juu ya ya chumvi kama samli juu ya mchuzi.

Wanaotoa vibali wakielewa jambo moja tu katika barua hii, basi na liwe hili. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Ya bahari ina kama kilo 1.025. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kila kitu. Kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwa hiyo ukivuta maji hadi uso wake ushuke sentimita 10 tu, kima ambacho hata mwenye kisima hatakiona kwa macho, chumvi kule chini hatimaye hupanda kama mita 4. Hizo ni hesabu za kitabuni. Mchangani pana ukanda ambapo maji mawili yamechanganyika, na ukanda huo hukifikia kisima kabla ya bahari yenyewe.

Ndiyo maana kisima cha ndoo na kisima cha mashine si kitu kimoja, ingawa kwenye fomu vyote huandikwa "kisima". Ndoo huteka juu juu, kidogo kidogo, na usiku kisima hupumzika. Kisima kilichochimbwa kwa mashine huteremka karibu na chumvi kisha kikavuta kwa nguvu mahali pamoja, na maji ya chumvi yakainuka kuelekea mdomo wa bomba kama kichuguu. Zamani bei ya dizeli iliwalazimisha watu kuzima mashine. Pampu za umeme wa jua, ambazo kwa mengine tunazipenda, zimeondoa breki hiyo: jua likiwaka, pampu inavuta, iwe kuna haja au hakuna.

Kisha huja kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Maji yakianza kukolea chumvi, mwenye nyumba humwita mchimbaji aongeze kina. Hilo ni sawa na kuifuata chumvi nyumbani kwake. Kisima cha mchangani kikikolea, hupunguzwa uvutaji, au hufungwa kwa miezi kadhaa na maji yakatekwa mahali pengine, tena kwa kina kifupi zaidi. Uponaji wake ni wa polepole sana. Kuharibika ni suala la msimu mmoja. Kurudi kunaweza kuchukua miaka ya masika mazuri.

Na chumvi nyingi haihitajiki. Maji ya bahari yana kloraidi, sehemu kubwa ya chumvi hiyo, ya takriban miligramu 19,000 kwa lita, na ulimi huanza kuonja chumvi kwenye miligramu 250 hivi. Asilimia 2 tu ya maji ya bahari ndani ya kisima hufikisha 380. Chai inabadilika, sabuni haitoi povu, birika linaota ukoko.

Sasa tuje kwenye kidimbwi. Tuchukue cha kawaida, urefu mita 10, upana 4, kina cha wastani 1.5. Hicho hujazwa kwa lita 60,000. Ni mitungi 3,000 ya lita 20, na kwa punda anayebeba mitungi minne ni safari 750. Wenye majumba hujibu kuwa kidimbwi hujazwa mara moja tu. Si kweli. Kwa upepo na jua la kaskazi, kukisia kwamba maji hupungua milimita 5 kwa siku si kutia chumvi. Eneo la mita za mraba 40 kwa milimita 5 ni lita 200 kila siku, yaani mitungi 10 inayopaa hewani bila mtu kuinywa. Kwa mwaka ni lita 73,000, zaidi ya kukijaza upya. Ongeza kuosha kichujio cha mchanga: maji hugeuzwa nyuma kwa dakika tatu hivi kwa pampu ya lita 200 kwa dakika, lita 600 zikamwagwa kila mara. Familia ya watu sita inayotumia lita 50 kwa kila mtu huhitaji lita 300 kwa siku. Kidimbwi kimoja, kabla mgeni hajaoga, kimekula theluthi mbili ya maji ya nyumba hiyo.

Wapo waliosikia malalamiko haya wakaja na suluhisho wanalodhani ni la kistaarabu: kujaza kidimbwi kwa maji ya bahari. Tunawaomba wahesabu tena. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita. Kidimbwi chetu cha lita 60,000 kitakuwa kimepandisha zaidi ya tani 2 za chumvi juu ya mchanga ule ule ambao chini yake ndiko tunakokunywa. Kikipata ufa, na zege iliyojengwa juu ya mchanga usiotulia hupata ufa, chumvi haiji tena kutoka chini bali inashuka kutoka juu. Hata kisipovuja, zile lita 600 za kuosha kichujio zikimwagwa bustanini huacha kilo 21 za chumvi kila mara. Mtambo wa kuondoa chumvi una kisa kama hicho: kati ya lita 10 unazoingiza, unapata kama 4 za kunywa, na 6 zilizobaki zimekolea chumvi kuliko bahari. Hizo zinamwagwa wapi? Kama jibu ni shimo nyuma ya nyumba, afadhali mtambo usiwepo.

Kuhusu maji taka tutasema kwa kifupi, ingawa huenda ndiyo hatari iliyo karibu zaidi. Mchanga huu unaokunywa mvua haraka hunywa pia maji ya choo kwa haraka ile ile. Tangi lenye shimo la kunyonyea lililojengwa juu ya mteremko, kisima kikiwa chini yake, ni kama bomba lisiloonekana. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi naitreti, kemikali inayotokana na maji ya choo. Kwa kweli huizidisha ukolevu maji yanapopungua sufuriani, na anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Ripoti za mazingira zinazotayarishwa kwa ajili ya majumba haya zina kawaida ya kuandika kwamba maji taka "yatashughulikiwa ipasavyo". Neno "ipasavyo" halina mita wala lita.

Kuna jambo la msimu ambalo wapangaji kutoka nje hawalioni kwa sababu kwao mwaka ni mmoja tu. Mvua yetu kubwa ni ya masika, Aprili hadi Juni, na wakati huo majumba mengi ya wageni yamefungwa. Wageni hujaa Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, anga likiwa kavu na visima vikiwa vinaelekea kiwango chao cha chini kabisa. Kwa hiyo wastani wa mwaka, ambao ripoti hupenda kuunukuu, haufai kitu hapa. Kisima hakifi kwa wastani. Hufa Februari.

Tunasikia pia kwamba maji yatakuja kutoka bara kwa bomba. Yakija tutayashukuru. Mpaka sasa ahadi ya bomba haijajaza mtungi wa mtu, na si halali kutoa kibali cha leo kwa maji ya kesho.

Hatusemi wageni wasije. Mpishi, nahodha wa mashua, fundi wa kuchonga milango, fundi wa chokaa, mwenye punda, wote wanakula kwa mgeni, na baadhi yetu ndio tuliouza viwanja vilivyojengwa majumba hayo, tena kwa furaha. Lakini Shela haihitaji kufundishwa nini hutokea maji yakiharibika. Masimulizi ya wazee yanasema wakaazi wa kwanza walivuka mkondo kutoka Takwa, kisiwani Manda, baada ya visima vya kule kukolea chumvi. Magofu ya Takwa yapo mpaka leo, msikiti na nguzo yake juu ya kibla, na wageni hupelekwa kwa mashua kuyapiga picha.

Yanayoweza kufanyika si mageni. Watu wa Siyu, Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, wameishi kwa jabia, yaani birika la kuhifadhi maji ya mvua, miaka na miaka. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka na kwa kukubali kwamba sehemu moja ya tano hupotea, hukusanya lita 72,000. Nyumba inayotumia lita 300 kwa siku inahitaji lita 36,000 kuvuka siku 120 za ukame: jabia ya mita 4 kwa 3, kina 3, ikafunikwa isiingie mwangaza wala mbu, na mvua ya kwanza ya masika ikaachwa ipite ili isafishe paa. Majumba mapya ya Shela yana mapaa makubwa kuliko hayo, na mengi huelekeza mvua yote baharini kwa mfereji. Sharti la jabia liwe katika kila kibali, na ukubwa wake uandikwe. Asiyeweza kujaza kidimbwi kwa paa lake mwenyewe asiwe nacho. Ua usisakafiwe wote kwa saruji. Mchanga uachwe wazi unywe mvua. Na mchanga wa vilima usichotwe kufyatulia matofali, kwani kila kilima kinachosawazishwa ni tangi linalopunguzwa.

Sheria haijapungua. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha, na kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali kabla ya kuchimba kisima cha mashine, na inaruhusu eneo kutangazwa kuwa la kuhifadhi maji ya chini ya ardhi. Vilima vya Shela vinastahili tangazo hilo. Leseni ya mazingira ikishatolewa, anayeipinga ana siku 60 kufika kwenye Mahakama ya Mazingira (National Environment Tribunal), na siku hizo hupita upesi ikiwa tangazo limebandikwa ofisini kwa lugha ambayo wengi hawaisomi. Wasiotuamini wakumbuke Juni 2019, leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe hapa Lamu ilipofutwa na mahakama hiyo hiyo, kwa sababu mojawapo kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mkutano wa umma ufanyike baada ya sala ya alasiri, mahali wanakofika akina mama, kwa Kiswahili, na ripoti iwe imetufikia wiki mbili kabla.

La kuanza nalo halihitaji hata mkutano. Visima vya Shela vipimwe chumvi mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi kabla masika hayajaanza na tena Julai baada ya mvua. Kipimo cha mkononi cha kusoma chumvi kwa umeme kinaenea mfukoni na hutoa jibu kabla ya dakika moja kwisha. Kina cha maji kipimwe kwa kamba na timazi asubuhi, kabla pampu hazijawashwa, la sivyo kitasomwa kina cha pampu na si cha kisima. Namba zote mbili, jina la mtaa na tarehe vibandikwe kwenye gati na kwenye milango ya misikiti. Machi ijayo ndiyo ya kwanza.

Wakaazi wa Shela,
Lamu